Darubini ya 8x42 niliyonunua Nakuru, nimeijaribu Saiwa kabla jua litoke

Nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilinunua darubini ya 3,000 pale mjini, duka silitaji, imeandikwa 30x60 kwa herufi za dhahabu, nikajiona mjanja sana. Kufika nyumbani nikachukua kifuniko cha soda nikakiweka kwa lenzi ya mbele, kikafunika karibu yote. Sasa hiyo 30 ni mara ngapi inavuta karibu, na 60 inafaa kuwa upana wa lenzi ya mbele, milimita 60, na kifuniko cha soda hakifiki hata 35. Nikarudi, muuzaji ananiambia eti "boss, hiyo ni namba ya modeli." Haya.

Hii ya pili, 8x42, nilinunua kwa mtu mwingine kwa 8,500, na nilijua naangalia nini kwa sababu ya binamu yangu. Yeye yuko Wisconsin, Marekani, na huko ameshikwa na ugonjwa wa kuwinda kwa upinde. Anafuata kulungu wa mkia mweupe, na si kwa shamba la mtu, ni msitu wa umma, ukiwa na leseni unaingia, lakini kila mwenye leseni anaingia pia, kwa hivyo dume lililofika miaka mitano pale limeshanusa watu wote, mchana hulioni, linatoka ile dakika ya kati ya giza na mwanga. Tena na upinde lazima likaribie mita 20 au 30, na huwezi kuvuta uzi likikuangalia, unangoja kichwa kipite nyuma ya mti ndio uvute. Kuna msimu mzima alirudi bila kitu na alikuwa akinitumia voisi za dakika saba kulalamikia upepo.

Sasa yeye ndiye aliniambia niache hesabu ya ngapi inavuta karibu. Chukua namba ya lenzi ugawe kwa ile ya kuvuta. 42 kwa 8 ni 5.25, huo ndio upana wa mwanga unaofika kwa jicho, kwa milimita. Zile ndogo za mfukoni za 10x25 zinakupa 2.5. Saa sita mchana huwezi kuona tofauti yoyote, na ndio maana dukani zote zinaonekana poa! Tofauti inatoka jioni na asubuhi, wakati mboni ya jicho imefunguka na inataka mwanga na hakuna. Ukitaka kuhakikisha, shika darubini mbali na uso, elekeza angani, utaona kiduara cheupe kwa kila kioo cha jicho. Kiduara kikubwa na cha mviringo, nunua. Kama kiko kama punje ya mchele ama kina kona, rudisha.

Huku kwetu kuwinda kulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo mimi ni wa kuangalia tu. (Alitaka pia kunitumia jaketi yake ya rangi za msituni nikamwambia aweke, hapa ukivaa kombati uanze kuelezea polisi ati ni ya kulungu utalala ndani.) Nikachukua mat hadi Kitale, halafu Saiwa Swamp, ile mbuga ndogo kuliko zote za taifa Kenya, ambapo unatembea kwa miguu na kuna majukwaa ya mbao juu ya kinamasi. Nilipanga hema jioni, asubuhi nikapanda jukwaani bado giza, baridi ya Trans Nzoia inajulikana.

Kama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi nikaona gogo kwa mafunjo. Kwa macho ni gogo. Nikaweka darubini, gogo lina sikio. Nzohe dume, yule swala wa kinamasi, manyoya meusi ya kahawia yamelowa, pembe zimejisokota na ncha ni nyeupe kidogo, sikio la kushoto limechanika. Jike halina pembe kwa hivyo hapo hakuna kuchanganya. Nikajaribu njia ya binamu ya kujua kama dume ni mzee, shingo imefura hadi imeungana na kifua, tumbo limeshuka, miguu inaonekana mifupi, ingawa hii ilikuwa kwa maji hadi tumboni, sasa miguu nitaonea wapi. Nilikaa nayo dakika arobaini na mkono haukutetemeka sana, hiyo ni faida ya 8 juu ya 10, ukivuta zaidi hata mpigo wa moyo unaonekana kwa picha.

Mabaya yake. Mkanda ni mwembamba na darubini ina karibu gramu 700, kufika saa tatu shingo inawaka. Gurudumu la fokasi ni gumu, hasa kukiwa baridi, kuna karasinga, yule tumbili wa ndevu nyeupe, alipita kwa mti karibu nami na nilipomaliza kuzungusha alikuwa ameshaenda zake. Ukipumua juu ya vioo vinapata ukungu, funika mdomo na skafu. Raba ya jicho la kulia ilianguka siku ya pili, nikairudisha na gundi. Wameandika haiingii maji, ilinyeshewa kama nusu saa na ndani kukabaki kukavu, zaidi ya hapo sijaijaribu na sina mpango wa kuizamisha ndio nikuridhishe.

Kama kazi yako ni kuangalia flamingo saa tano mchana ukiwa kwa gari, chukua ya bei ya chini tu. Kama unaamka saa kumi na moja, ongeza pesa ufike 8x42, na uende dukani jioni taa zikiwa bado hazijawashwa, si mchana.

Fundi wa viatu amenishonea mkanda mpana wa begi kuukuu kwa 150. Ile 30x60 iko na mtoto wa jirani, anaangalia mwezi nayo.