Stoo moja, lugha tatu: uzoefu wangu na JavaScript, TypeScript na Dart

Programu ya wavuti ninayoisimamia huhesabu mizigo ya duka la vipuri vya magari Kariakoo, pamoja na bei na madeni ya wateja. Nimeiandika mara tatu kwa lugha tatu za kuandikia programu, kwa hiyo naweza kuzilinganisha bila kuzionea.

Toleo la kwanza lilikuwa la JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliibuni kwa siku 10 mwaka 1995 alipokuwa Netscape, kampuni ya kivinjari, na haraka ile bado ina makovu. Wepesi wake siupingi, kwani unaandika na kivinjari kinatekeleza papo hapo. Tatizo ni kwamba kisanduku cha fomu hurudisha maandishi hata mtu akiandika namba, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha. Rafuni palikuwa na pedi za breki 10, zikaingia 5, na programu ikatangaza kuwa zipo 105 bila onyo lolote. Aliyegundua ni mwenye duka, baada ya kumwahidi mteja mzigo ambao haukuwepo. Kosa lilikuwa langu, ila lugha ilinisindikiza.

TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012 na kuongozwa na Anders Hejlsberg, yule yule wa Turbo Pascal, zana ya zamani ya kuandikia programu, ni JavaScript iliyoongezewa aina za data (kutamka kipi ni namba na kipi ni maandishi), kwa hiyo iliniruhusu kuhama faili moja baada ya jingine, na hilo ndilo lililonivuta kwanza. Nilipotamka kwamba idadi ni namba, kosa la 105 lilipigiwa mstari mwekundu kabla sijaendesha chochote. Manufaa zaidi niliyaona nilipobadilisha muundo wa rekodi ya deni, kwa sababu kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ilinionyesha kila mahali palipoathirika, kazi ambayo zamani niliifanya kwa kukisia. Dosari yake si ndogo: aina za data hufutwa kabla msimbo haujafika kwenye kivinjari, kwa hiyo seva ikituma maandishi mahali pa namba hakuna wa kuyazuia. Mpaka leo huandika ukaguzi wangu mwenyewe kwenye kila data inayotoka kwenye seva.

Dart niliijaribu kupitia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu na za wavuti, mwenye duka alipotaka na programu ya simu. Kama lugha tupu, ndiyo iliyonipendeza kuliko zote; tangu toleo la 2.12 la mwaka 2021, kigeu (jina linalobeba data) hakikosi thamani mpaka wewe mwenyewe ukiruhusu. Kwenye wavuti, hata hivyo, Flutter huchora ukurasa mzima yenyewe, hivyo kunakili namba ya kipuri au kutafuta neno ukurasani, mambo ambayo kivinjari hufanya bila kuombwa, yakawa shida. Upakuaji wa kwanza nao ulikuwa mzito mno kwa vijana wa stoo wanaonunua bando la siku.

Sasa upande wa wavuti uko kwenye TypeScript, na Dart nimeiachia programu ya simu.