Bustani ya mboga getini: miche chukua kitaluni kwao, udongo katafute kwingine

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kupanga na kupanda eneo la mita 4 kwa 6 mbele ya nyumba, miche ikiwemo, nimelipa 250,000. Wenye kitalu walianza na 350,000, tukavutana. Udongo na samadi vina hesabu yake pembeni, na huko ndiko kwenye maneno.

Ni kitalu cha kando ya barabara huku Madale, Dar es Salaam, vile vya neti nyeusi juu, viriba vimepangwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Jina siwezi kuwapa, hata kibao hawana. Kazi yao kubwa ni maua na nyasi za pasparamu. Mboga wanazo, ila mteja akiwaambia anazitaka mbele, pale pa kupokelea wageni, na anataka papendeze, wanamtazama mara mbili. Mume wangu naye aliwaunga mkono. Yeye alitaka pasparamu kama ya jirani. Nikamwuliza italiwa na nani, mbuzi hatufugi.

Kilichonifanya niwape kazi ni kijana aliyekuja kupima. Wenzake waliotangulia, wa kwingine, walikuja na futi mkononi na picha za bustani za watu kwenye simu. Huyu alikwenda moja kwa moja bombani, akakinga maji kiganjani, akaonja. "Mama, haya ni ya kisima?" Nikamwambia ndiyo, kisima kinajaza simtanki. Akatema pembeni, akasema maharage na karoti tusahau, na vitunguu vitanitesa, chumvi havipatani nayo. Spinachi ndiyo inayoivumilia zaidi, na mchicha nao unajitahidi. Hapo nilijua huyu amewahi kumwagilia mboga kwa mikono yake.

Neno lake la pili ndilo lililoijenga bustani yote: "Mbele usiweke kitu cha kung'oa." Mchicha baada ya wiki tatu au nne unang'olewa, kitanda kinabaki kipara, na mgeni akifungua geti anakutana na udongo mtupu. Kwa hiyo mchicha na chainizi vikapelekwa kwenye kitanda cha ubavuni, kando ya ukuta, vinapandwa kwa zamu. Mbele zikakaa mboga za kuchuma jani jani: spinachi na sukuma wiki. Unatoa majani ya chini, juu shina linabaki na kilemba chake, na anayepita barabarani hajui kama jana umepikia watu.

Njia ya kutoka getini hadi barazani ameizungushia mrehani pande zote mbili, gauni likigusa tu harufu inapanda. Mchaichai upo kwenye kona. Katikati aliweka nyanya chungu aina ya DB3, na hapo nilibisha, nikiona ni mboga ya shambani tu. Matunda yakaja ya rangi ya maziwa, yakiachwa mtini yanakuwa mekundu. Sasa mti mmoja una ya rangi zote mbili, navuna meupe ya sufuria, mekundu nayaacha yakae hapo hapo yatazamwe. Nyuma yake kuna bamia. Miaka yote nakula bamia, ua lake sikuwahi kusimama nikalitazama: njano iliyopauka, ndani kabisa zambarau iliyoiva kuelekea weusi. Linafunguka asubuhi, jioni limeshasinyaa. Bamia zenyewe usizicheleweshe, ukikaa siku chache bila kuchuma zinakuwa kuni.

Kwenye mteremko wa kwenda mtaroni, pale hasa mume wangu alipopania pasparamu yake, kijana alitandaza matembele. Yanafunika ardhi yote, yanashika udongo masika, na jioni yanaingia jikoni. Mzee hajasema kitu tena.

Nyanya walinikatalia kwenye mvua. Nilisisitiza, kijana akagoma: ukungu utaanza majani ya chini, yatakuwa na mabaka, na kwa kuwa yapo getini nitakuwa nampigia simu kila siku. Kiangazi nako kuna kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya. Fundi anayekataa hela yako kwa sababu ya maana, mshike.

Miche yenyewe sina la kuilalamikia. Aliuchomoa mche wa sukuma kwenye trei nikaona mizizi, myeupe, imeukumbatia udongo wote. Walipanda jua likiwa limeshapoa.

Haya, udongo. Waliniletea kirikuu ya "udongo mweusi wa bustani" kwa 80,000. Weusi ulikuwepo. Mvua ya kwanza ilipopiga, ikachomoza ndago. Mwenye kulima anaijua ndago: ukivuta jani linakatika, viazi vyake vidogo vinabaki chini vinakucheka, na kila kimoja kinatoa mche wake. Nikampigia mwenye kitalu, akaniambia ndago ilikuwa ya kwangu tangu zamani. Ya kwangu wapi, baba? Mahali palipokuwa mchanga na kokoto zilizobaki kwenye ujenzi, hata ukoka haukuthubutu. Akapendekeza apulize dawa ya magugu. Katikati ya spinachi! Mwisho alimtuma kijana na jembe, akachimbua nusu siku, na mpaka leo asubuhi zangu naanza na kisu na ndoo kufukua vilivyobaki. Samadi yao haikuwa na tatizo, imeoza sawasawa.

Kuna huduma ya kila mwezi pia, 30,000. Niliichukua, nikaiacha. Aliyekuja, si yule wa maji, alikuta vidukari kwenye sukuma akapuliza dawa ile ile anayopulizia mawaridi. Nikamwuliza nikae siku ngapi kabla ya kuchuma. "Osha tu, mama." Siku za kusubiri huwa zimeandikwa kwenye lebo ya chupa, na chupa alikuwa ameishika yeye. Mboga zile ziliishia shimoni. Sasa vidukari navipiga kwa maji ya sabuni mwenyewe, nikilenga chini ya jani.

Usumbufu ambao sikuutarajia ni wapita njia. Wanagonga geti: "Dada, hayo matembele unauzaje?" Siuzi, lakini kumnyima mtu fungu la matembele nashindwa.

Mkienda, mwulizeni yule kijana mrefu anayeonja maji. Nendeni asubuhi, mchana huwa yupo njiani na bodaboda anapeleka miche. Mkimkuta mwenye kitalu peke yake, atawauzia pasparamu.