TAHADHARI: Vijana wa "tunanyoosha gari hapo hapo nyumbani" na krimu yao ya kufuta mikwaruzo

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni fundi bodi na rangi hapa Dar es Salaam. Naandika kwa sababu magari ya watu waliotapeliwa na hawa vijana yanaishia kwenye gereji zetu, na kulirudisha gari lililokwisha kuchezewa ni ghali kuliko kulinyoosha likiwa na bonde lake tu, yaani pale bati lilipobonyea. Ukimaliza kusoma mtumie mama, shangazi, dada, yeyote mwenye gari ambaye hana fundi anayemwamini. Hao ndio wanaowindwa.

Wanakuja wawili au watatu. Wanapita kwenye maegesho ya supamaketi, nje ya kumbi za harusi, na siku hizi wanagonga mpaka mageti ya nyumba wakiona gari limebonyea. Mmoja anakuja na adabu zote: "Shikamoo mama, hiyo naitoa hapa hapa, elfu thelathini tu, nusu saa nimemaliza." Kabla hujajibu ameshachuchumaa, krimu ameshaipaka kwenye kitambaa, anasugua. Mkwaruzo unapotea mbele ya macho yako. Hapo ndipo moyo unalegea, unamwambia basi endelea na la mlangoni.

La mlangoni ndilo linalokuumiza. Mwenzake anatoa kopo la puti, ule udongo wa kujazia mabonde unaokauka na kuwa mgumu, na msasa mkavu, anaanza kukwangua, na anakwangua eneo kubwa kuliko bonde lenyewe. Sasa gari lina kidonda, huwezi kwenda nalo kazini. Bei nayo inageuka: ile elfu thelathini ilikuwa ya alama moja, "hapa tumefanya saba mama, na puti imekwenda kopo zima." Wanataka laki mbili na nusu, tatu, inategemea wameona nini mkononi mwako. Ukibisha wanapandisha sauti, majirani wanachungulia, unalipa kwa simu ili waondoke. Agizo lao la mwisho ni hili: "Usilioshe wiki nzima, liache jua liive."

Hilo agizo likumbukeni. Ndilo linalowapa muda wa kupotea, na nitaeleza kwa nini.

Rangi ya gari kutoka kiwandani ina tabaka. Juu ya bati kuna kinga ya kutu, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa kliya, ile inayong'aa. Zote kwa pamoja huwa kati ya maikroni 100 na 150 kwa magari mengi, na kliya peke yake 40 hadi 50 hivi. Milimita moja ni maikroni 1,000, kwa hiyo mnaona jinsi kitu chenyewe kilivyo chembamba. Mkwaruzo ulioishia ndani ya kliya unaonekana kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga. Ukiujaza mafuta, nta au silikoni, mwanga unapita vizuri tena na jicho haliuoni. Haujatoka. Umefunikwa. Ndiyo maana gari lenye mikwaruzo huwa zuri sana likiwa limelowa, na likikauka mikwaruzo yote inarudi.

Krimu yao inafanya kazi hiyo hiyo ya maji, tofauti yake ni kwamba haikauki haraka. Siku ukiosha kwa sabuni mara mbili tatu, mkwaruzo umerudi pale pale. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua kitambaa kisafi, kiloweshe kwa sabuni ya vyombo na maji, safisha pale aliposugua, kausha, kisha futa na spiriti kidogo, hii ya duka la dawa. Tazama tena kwenye jua. Kazi ya kweli ya kompaundi, ile dawa ya kusaga na kung'arisha kliya, haiondoki kwa sabuni wala kwa spiriti, maana kliya imesawazishwa kabisa. Fundi mwaminifu hatakuzuia kufanya jaribio hili. Hawa wanazuia, na watakwambia utaua dawa.

Kuna ujanja mwingine wanaouonyesha kwanza ili uamini. Wanachagua alama ambayo si mkwaruzo. Gari jeupe likigusa bampa lako jeusi, mara nyingi linachoonekana ni rangi ya gari lile iliyogandia juu ya kliya yako. Alama ya namna hiyo inatoka kwa kompaundi yoyote, hata kwa thina kidogo kwenye kitambaa mikononi mwa anayejua asizidishe. Wanaitoa kwa mbwembwe, wewe unaona muujiza, kisha unawakabidhi mkwaruzo halisi ulioshuka mpaka kwenye praima. Pitisha ukucha polepole kuvuka alama. Ukucha ukikwama, mkwaruzo kwa kawaida umeshapita kliya, na hakuna krimu duniani itakayorudisha rangi ambayo haipo.

Sasa niwaambie nilichokikuta kwenye mlango mmoja, maana maneno matupu hayatoshi.

Ni Toyota IST ya rangi ya fedha, mlango wa nyuma kushoto. Dada mwenye gari alisema walimnyooshea nyumbani na rangi ilionekana sawa jioni ile. Mvua za masika zilipoanza, ukaota vipovu. Nilipoweka sumaku ndani ya kitambaa chembamba na kuipitisha kwenye mlango, sehemu nzuri ilivuta, nikifika pale katikati ikaanguka chini. Nikaingiza ncha ya bisibisi ukingoni mwa ufa, nikainua kidogo tu, na puti ikatoka kipande kizima, nene karibu kama kidole. Upande wa chini wa kipande hicho kulikuwa na mng'ao. Wakuu, puti ilikuwa imekopi kliya ya kiwandani. Maana yake hawakukwangua chochote pale katikati penye bonde. Walikwangua pembeni ili mwenye gari aone kazi inaendelea, kisha wakamwaga puti juu ya rangi inayoteleza. Bonde lote lilikuwa pale pale, halijavutwa hata kidogo. Kwenye kingo walikokwangua mpaka bati, hawakupiga praima, na kutu ilikuwa imeshaanza kutambaa kuelekea chini ya mlango. Na pale karibu na bawaba, palipokuwa na tundu dogo la kutu la zamani, walikuwa wamesokomeza gazeti.

Gazeti! Linanyonya maji na kuyashikilia kwenye bati mchana na usiku. Kwa hewa ya hapa Pwani yenye chumvi, mlango ule ungeoza kabisa.

Puti yenyewe si adui. Sisi wote tunaitumia. Lakini kazi yake ni kusawazisha mwisho, baada ya bati kuvutwa au kugongwa kutokea ndani mpaka likaribie umbo lake. Milimita mbili tatu zinatosha, juu ya bati lililokwanguliwa mpaka likawa na makwaruzo ya kushika. Inachanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, kidogo sana, kama asilimia mbili ya uzito. Ukipunguza mno haikauki, ukizidisha inakauka haraka lakini kemikali yake inapanda na kutia doa rangi ya juu baadaye. Halafu puti inanyonya maji. Ukiipiga msasa wa maji ikiwa wazi na kupaka rangi juu bila kuikausha wala kuifunga na praima, umefungia unyevu ndani, na jua likipiga utaona vipovu. Kwa hiyo mtu anayekwambia anavuta bonde, anapiga puti, praima, rangi na kliya kwa nusu saa kwenye maegesho, kuna hatua anaziruka, na hatua zenyewe ndizo kazi.

Rangi pia. Nawasikia wanasema "tunayo ya fedha, inaingia." Fedha ipi? Kwenye Toyota kuna kibati chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, tafuta C/TR au COLOR, utaona kodi ya rangi, yaani namba inayoitambulisha. 1F7 ni fedha, 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 070 ni ile nyeupe ya lulu. Hiyo 070 inapigwa kwa hatua tatu, nyeupe ya chini, lulu juu yake, kisha kliya. Mtu akikuletea kopo moja la kupuliza na kusema inatosha kwa 070, usimruhusu asogee kwenye gari. Na hata kodi ikiwa sahihi, gari lililokaa juani miaka kumi limepauka kidogo, mchanganyaji anahitaji kuona mfuniko wa tenki la mafuta alinganishe kwa macho.

Kundi la pili liko mtandaoni, na nadhani ni watu wale wale au wanaonunua kwao. Wanauza "seti kamili ya kunyoosha mwenyewe" na kalamu ya kufuta mikwaruzo. Video zinaanza mkwaruzo ukiwa mkavu na kuishia bati likiwa limelowa dawa, kamera imehama pembe. Malipo ni kwanza, namba ni ya mtu binafsi, jina linalotokea kwenye simu si la duka. Wengine wanapata mzigo, wengine wanablokiwa hapo hapo. Dai risiti, dai duka lenye mlango, lipa ukiona mzigo. Wakikataa yote matatu, acha.

Nisieleweke vibaya: kuna kazi unaweza kufanya mwenyewe nyumbani na ukaifanya vizuri, na napenda watu wajue ili wasitishwe. Bampa la plastiki lililobonyea bila kupasuka, mwagia maji ya moto sana, plastiki ikilainika sukuma kutokea ndani, kisha maji baridi. Angalia usiungue, na usijaribu kwenye bati, maana bati halilainiki kwa maji ya moto. Bonde pana, lenye kina kidogo, lisilo na mkunjo, linaweza kutoka kwa kikombe cha mpira cha kunyonya. Vifaa vya kuvuta kwa gundi ya moto vinafanya kazi kweli kwenye bonde dogo ambalo rangi haijavunjika, ukiwa mvumilivu na ukibandua gundi kwa spiriti. Ila kama mlango ulishapigwa rangi mtaani, gundi inaweza kung'oa rangi nzima, hapo usiguse. Mkwaruzo ambao ukucha haushiki unaweza kuupunguza kwa kompaundi laini na kitambaa safi, kivulini, bati likiwa la baridi. Usikazane kwenye kona na mikunjo ya bodi, pale kliya huisha mapema.

Mkwaruzo uliofika kwenye bati, hata kama huna hela ya rangi mwezi huu, safisha, kausha, paka praima kidogo kwa brashi ndogo. Hautapendeza, lakini kutu haitaanza. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza, na ni ya bei ndogo kuliko chochote watakachokuuzia.

Wenye bima kubwa, msimruhusu mtu yeyote aguse gari kabla bima haijaliona. Piga picha, toa taarifa, subiri. Gari likishapakwa puti na mtu wa njiani, kuthibitisha jeraha lilikuwaje inakuwa shida.

Kwa walioshafanyiwa: usipake rangi juu ya rangi yao. Jaribu sumaku kama nilivyosema, ukikumbuka kwamba bampa za plastiki na bati la aluminiamu hazivuti sumaku hata zikiwa nzima. Kama sumaku haishiki kwenye mlango wa chuma, puti ile ni nene na inatakiwa ifunguliwe yote, bati lionekane, kabla mvua hazijaingia kwenye nyufa. Mwambie fundi wako akupigie picha ya bati tupu kabla hajaendelea, na akupigie nyingine ya praima. Nawaomba mafundi wenzangu tuizoee hii, mteja ana haki ya kuona kilicho chini.

Namba uliyoilipa au iliyokutapeli itume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako mapema, hela ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Waliouziwa vifaa bandia wanaweza kwenda Tume ya Ushindani, FCC. Kama walikutisha mpaka ukalipa, hilo ni la polisi, na ujumbe wa malipo kwenye simu yako ni ushahidi, usiufute. Wenye picha zao au namba za gari wanalotumia, zipelekeni kituoni. Msizibandike hapa wala kwenye magrupu ya mtaa, kuna vijana wengi wanatembeza kazi halali za kuosha na kupolishi magari, na mmoja akifananishwa tu anaweza kupigwa mpaka akafa.