Mwisho wa reli: minivani ipi ununue ukiwa Kigoma

Mama mkwe wangu aliteremkia mlango wa dereva. Tupo msibani Kasulu, watu wamejaa uani, naye anapenya katikati ya viti vya mbele huku kitenge kimenasa kwenye gia. Milango yote miwili ya pembeni, ya umeme, imegoma: unabonyeza, inalia, inasogea kidogo, inarudi. Gari nilikuwa nalo miezi minne tu, na dalali aliniapia kwamba halijawahi kuguswa na fundi.

Kwa hiyo mambo ya mafuta na injini kawaulizeni wengine. Mimi nitawaambia habari ya reli ya mlango.

Mlango wa kusukuma unatembea kwa rola kwenye reli tatu: ya juu, ya katikati (ule mfereji wa nje, chini ya kioo cha nyuma) na ya chini, pale pa kukanyagia. Reli ya chini inapinda kwa mbele, na pindo hilo ndilo linalouvuta mlango uingie ukae sawa na bodi. Hapo hapo ndipo vumbi letu jekundu linapolala. Fundi anapaka grisi, grisi inashika vumbi, mwezi wa pili kuna ugali mwekundu humo ndani. Mlango wa mkono utakwaruza tu, utausukuma kwa bega. Wa umeme unavutwa na mota kwa waya wa chuma. Rola ikikwama, waya unachanika nyuzi nyuzi, na spea utaisubiri ije na basi kutoka Dar.

Ya kwanza kwangu ni Noah iliyotoka 2001, ila yenye milango ya mkono. Sifichi, mimi ni mtu wa Toyota. Noah ya 1996 ilikuwa na mlango mmoja wa kusukuma, upande wa kushoto. Hata Dodge Caravan ya Marekani ilianza 1983 na mmoja tu, upande wa abiria. Hii ya 2001 ikaleta pande zote mbili, na wanangu wakaacha kugombania kiti cha kushoto kwenye gari la shemeji. Waoga wa D4, injini yake inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, najua mtaniandikia. Andikeni.

Ya pili ndiyo hiyo ya 1996. Mlango mmoja, rola chache, na kila fundi wa Mwanga na Ujiji anaufungua hata gizani. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukienda Kibondo utaunguzwa makalio. Utazoea.

Ya tatu Alphard, kwa sharti moja: zima swichi ya umeme wa milango, kisha usukume kwa mkono. Mlango ukigoma, rudisha funguo.

Isis, ya 2004, siitaki. Kushoto haina nguzo ya katikati, imejengwa ndani ya mlango wenyewe, na mlango mzito hula rola. Sienta ni ndogo na bei yake ndogo, basi.

Kabla hujalipa, peleka gari kwenye mteremko, pua iangalie chini. Fungua mlango mpaka mwisho, uachie. Ukirudi wenyewe, kikamatio kimeisha, na siku moja utambana mtoto vidole. Kisha uache nusu wazi, unyanyue kwa nyuma: ukicheza juu chini, rola zimekwisha.

Na bei! Ati tuko mwisho wa reli, kwa hiyo kila gari linaongezewa "pesa ya safari" kutoka Dar. Langu nililipia hiyo pesa. Fundi alipofungua reli ya chini alitoa maganda ya karanga, punje za mahindi na sarafu ya mia. Yaani lilipakia abiria njia nzima, nauli akala dalali. Nikampigia. Akasema hizo karanga zimetoka nalo Japani.