Fomu ya oda ya mpishi wa shughuli: ole wako ukighairi

Mpishi mmoja wa shughuli hapa Mombasa, ambaye biriani yake siitilii shaka hata kidogo, ameacha kupokea oda kwa simu na sasa humtaka mteja ajaze fomu kwenye tovuti. Nimeitumia mara mbili, na ninayoyaandika hapa yanahusu fomu, si chungu.

Ukiifungua unakuta maswali matatu tu: tarehe, aina ya shughuli, na kama utaletewa chakula au utakuja kukichukua. Mengine hujitokeza kulingana na utakachochagua. Nilipogusa harusi, kilifunguka kisanduku cha idadi ya masinia na kingine cha kuuliza kama wanaume na wanawake watapakuliwa mahali mbalimbali. Nilipogusa hitima, vyote viwili vikatoweka, likabaki swali la idadi ya watu. Ukichagua kuletewa Likoni, papo hapo huulizwa saa ya kula, ili gari liondoke mapema kwa ajili ya foleni ya feri. Aliyebuni hilo anaijua Mombasa.

Taabu huanza ukighairi. Mara ya kwanza nilichagua kuletewa, kisha, kabla sijaandika mtaa, nikaona afadhali nikachukue mwenyewe. Visanduku vya anwani vikafichika, lakini kitufe cha kutuma kikawa hakifanyi lolote, nami nikakibonyeza mpaka kidole kikachoka. Mtaa ulikuwa umewekewa alama ya lazima, na kivinjari hukagua kila kisanduku cha lazima hata kama kimefichwa machoni. Kisanduku kikiwa kitupu, fomu haitumwi, na kwa kuwa mahali penye kosa hapaonekani, mteja haelezwi kitu.

Mara ya pili nilikwisha andika anwani ya shangazi yangu wa Likoni ndipo nikabadili nia. Fomu ilikwenda, na anwani ikaenda nayo, kwani kufichwa peke yake hakukizuii kisanduku kutumwa. Siku ya shughuli nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mpishi, masinia yangu yakiwa kwenye foleni ya feri.

Dawa yake ni mistari michache ya programu: kisanduku kinachofichwa kizimwe pia, maana kilichozimwa hakikaguliwi wala hakitumwi. Nilimweleza mpishi, akaniambia kijana wake wa tovuti amesafiri, akaniongezea bakuli la kachumbari. Hadi arudi, ukibadili nia katikati, fungua ukurasa upya uanze mwanzo. Chakula nyota tano, fomu tatu.