Tiba ya mwanga kwa soriasisi: inasafisha, ila inakula muda

Kwa wenye haraka: tiba ya mwanga imenisafisha ngozi kuliko dawa yoyote ya kupaka niliyowahi kutumia, na daktari akiniambia nirudie, nitarudia. Ila kama huwezi kutoka mara tatu kwa wiki kwa miezi miwili mitatu mfululizo, subiri kwanza mpaka uweze. Humo ndimo wengi wanamokwama.

Yangu ni soriasisi ya mabaka, ugonjwa wa ngozi unaotoa mabaka yenye magamba: viwiko, magoti, kiuno na kichwani. Mabaka yalipokuwa machache, marhamu ya calcipotriol iliyochanganywa na steroidi ilitosha. Yalipotapakaa mgongoni na mapajani, kupaka kukawa kazi ya jioni nzima, na mgongo wenyewe hufiki bila msaada wa mtu. Hapo daktari wa ngozi akapendekeza mwanga.

Si mwanga wowote. Ni mionzi ya urujuanimno aina ya B, ya mkanda mwembamba, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311 hivi. Ngozi ya kawaida huchukua takriban mwezi kujibadilisha. Penye soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu, kwa sababu chembe za kinga zinaichochea ovyo, na seli zinarundikana zikawa magamba. Mionzi hii inazituliza chembe hizo palepale kwenye ngozi. Humezi kidonge wala huchomwi sindano.

Mashine ni kama kabati la nguo lililosimamishwa taa za mirija kila upande. Unavua nguo, unavaa miwani myeusi ya kukinga macho, wanaume wanafunika sehemu za siri, mlango unafungwa. Feni inavuma na nuru ya zambarau inapenya pembeni mwa miwani. Mara ya kwanza hata sijaamua mikono niiweke wapi, taa zikazimika. Wanaanza na dozi ndogo makusudi, kulingana na aina ya ngozi yako, kisha wanaiongeza taratibu kila unaporudi kama hukuungua.

Kuungua huko hakujitokezi papo hapo. Kunafika baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku au kesho yake. Na sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo muuguzi akikuuliza "vipi, iliungua?" usimjibu kwa kujitazama kwenye kioo tu. Mimi nilikuwa nagusa: ngozi ina joto? Maji ya kuoga yanawasha? Shuka linakera? Ikiwa ndiyo, mwambie kabla hajabonyeza kitufe. Jambo jingine ambalo hakuna kipeperushi kilichoniambia: vaa chupi ya umbo lilelile kila siku ya tiba. Ukibadilisha ukavaa fupi, ule ukanda mpya wa ngozi unakutana na dozi kubwa bila mazoea, na utaujua usiku.

Magamba ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Halafu mabaka yakaanza kushuka, yakawa bapa, kwanza kiunoni, mwishoni kabisa viwikoni. Siku moja nilifumba macho nikapitisha kidole kiunoni nikashindwa kujua baka lilikuwa linaanzia wapi. Alama nyeusi zilibaki, lakini hizo ni rangi tu, si ugonjwa, na zinafifia polepole. Mwili mzima nao uliiva rangi kidogo. Ngozi hukauka na kuwasha, hivyo mafuta ya kulainisha ni lazima, ila yapake baada ya tiba. Ukiingia na tabaka nene la mafuta unauzuia mwanga uliokuja kuufuata. Calcipotriol nayo hupakwa baadaye, kwa kuwa mionzi inaiharibu.

Sasa malalamiko. Kichwani haikunisaidia kitu, maana nywele zinaziba, na bado natumia shampuu ya lami yenye harufu ya barabara mpya. Kucha na mikunjo ya ngozi pia hazifaidiki sana. Viungo vikikuuma na kukakamaa asubuhi, hilo ni suala jingine, mwambie daktari mapema kwa sababu mwanga hautibu viungo. Na ile foleni! Unakaa kwenye benchi muda mrefu kwa ajili ya tiba inayokwisha kabla hujazoea giza la miwani. Ukikosa wiki moja au mbili, dozi inarudishwa chini na unaanza kupanda upya.

Kabla ya kuanza, taja kila dawa unayotumia. Baadhi, kama antibiotiki ya doxycycline na baadhi ya dawa za presha za kuongeza mkojo, huifanya ngozi iungue upesi. Mwenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe) au aliyewahi kuugua saratani ya ngozi aseme mapema zaidi, huenda tiba hii isimfae. Na tafadhali, vitanda vya kujibadilisha rangi kwenye saluni si mbadala: vingi vinatoa zaidi mionzi aina ya A, na hakuna anayekupimia dozi.

Kuna mashine za kutumia nyumbani pia. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2024 katika jarida la JAMA Dermatology ulionyesha kwamba matokeo yake hayakuwa duni kuliko ya kliniki. Mimi sijaijaribu, lakini ningeishi mbali na kituo, hiyo ndiyo ningeulizia kwanza, chini ya uangalizi wa daktari.

Tangu nimalize, mgongo na mapaja bado ni safi. Kiwiko cha kushoto kimeanza tena kutoa kibaka, kidogo, na nakipaka ile marhamu ya zamani. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye benchi.