"Mama, wewe pika": fundi bomba aliyenihamishia sinki

Jina lake silitaji, maana mama yake tunasali naye jumuiya moja. Ila huyu fundi bomba wa huku kwetu Pasua, Moshi, amenichosha, jamani. Ukikinga sufuria ya ugali kwenye sinki langu, unaweza kwenda dukani, ukasalimiana na watu, ukarudi haijajaa.

Alinihamishia sinki kutoka ukuta wa nyuma kulileta chini ya dirisha. Kwa macho kazi ni safi: vigae vimenyooka, hakuna panapovuja. Maji ndiyo hakuna. Koki umeifungua mpaka mwisho, kinatoka kiuzi. Na mimi nawapikia vijana wa gereji chakula cha mchana, vyombo vinarudi vyote kwa mpigo vikiwa na mafuta.

Nilianza na yaliyo rahisi. Kale kachujio ka kwenye mdomo wa koki nikakafungua: kasafi, hata punje ya mchanga hamna. Nikafunga valvu ya chini ya sinki, nikafungua ule mpira unaopanda kwenye koki, nikauelekeza kwenye ndoo, nikaachia. Yangeruka kwa nguvu, ningejua mbovu ni koki. Wapi! Nikautoa mpira wote, nikaiacha valvu imwage yenyewe. Yaleyale. Basi ni valvu au bomba la ukutani, na vyote viwili kaviweka yeye.

Nikampigia. Akaja kwa kubembelezwa, hakugusa kitu. Alisimama mlangoni, akaangalia tanki kule juu kwenye mnara, akasema liko chini, ninunue pampu. Halafu eti na maji ya mji siku hizi yamepungua nguvu. Mji huu unaokunywa chemchemi za Nsere na Shiri! Na hata kama yamepungua, yanaingia kwenye tanki, na tanki limejaa. Sinki linahusika vipi?

Nikamuuliza kwa upole kabisa: bafu linakula tanki hilohilo, na bomba la mvua liko juu kuliko koki ya jikoni, mbona kule maji yanapiga? Presha ya tanki ni kimo tu. Mita 10 za kimo ndiyo baa 1, langu halifiki hata nusu yake, sawa, ni ndogo. Lakini maji yanayoweza kunimwagikia kichwani yanashindwaje kushuka kwenye sinki?

Akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Mama, wewe pika. Bomba niachie mimi."

Wewe pika! Nyumbani kwangu, kwa hela zinazotokana na huko kupika! Mpaka leo nikikatakata vitunguu naisikia ile sauti. Siku kadhaa baadaye akaja na pampu nisiyoiagiza, akaitua verandani, akaondoka.

Nikatafutiwa mzee mmoja wa Kiboriloni aliyefanya kazi za bomba maisha yake yote. Shikamoo, marahaba, akaomba tochi. Akajaribu valvu, nzima. Akabandua kigae kimoja, akakata elbo ya PPR, kile kiungo cha kona cha bomba la plastiki, akanipa nichungulie. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya harage! Plastiki imeyeyuka, imejikunja kwa ndani, imeziba njia karibu yote. Akanieleza bila kunidharau: bomba la milimita 20 linachomwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 260 kwa sekunde 5 hivi, unalisukuma ndani ya elbo moja kwa moja bila kulizungusha, unaishia kwenye alama. Vijana wanalichoma mpaka linatoa moshi, kisha wanalikandamiza kwa nguvu zote. Nje linaonekana limeshika vizuri, ndani limekufa. Pampu ingelazimisha maji kidogo kupita hapo, na mimi ningelipia umeme wa kusukumia maji kwenye kizibo.

Akaweka elbo mpya. Koki ilivyofunguliwa, maji yakaruka mpaka kwenye khanga yangu. Nilicheka peke yangu.

Sasa nilitaka niseme msimpe kazi yule kijana, basi. Lakini bafu lililosifiwa hapo juu ni kazi yake, halijawahi kunisumbua. Anawahi, hadokoi vifaa, vigae anapanga kuliko wengi mjini hapa. Elbo moja kuungua si kesi, huenda hata mashine yake ni mbovu. Mwiteni kwa vigae.

Wakati naandika haya ametuma ujumbe. Anadai salio la ufundi, pamoja na hela ya pampu. Ya pampu! Basi hata vigae msimwite. Salio atalipata, ni jasho lake, nikishakata gharama ya mzee na ya kile kigae. Pampu iko palepale ndani ya boksi, aje aibebe, na akifika apige hodi.